Zainab na Msichana wa Viunzi

"Toa mkono hapo, Adan!"

Adan aligeuka, lakini mkono hakuutoa. Alikuwa amepiga goti kwenye nyasi za uwanja wa Ruiru, ameshika paja la Nafuna, na mguu wa yule msichana umenyooshwa juu ya kiunzi.

"Zainab? Umetoka Thika bila hata kuniambia?"

"Kwani siku hizi kumwona mchumba wangu naomba ruhusa?"

"Namwonyesha vile mguu wa mbele unafaa kushuka."

"Mimi ulinionyesha kwa mdomo."

Nafuna alishusha mguu polepole, aibu imemjaa usoni.

"Habari yako, Dada Zainab?"

Macho ya Zainab yalikuwa yameshuka hadi miguuni mwa msichana. Zile spaiki za kukimbilia, nyeusi zenye mstari wa njano, alizijua kama anavyojua uso wake.

"Hizo ni zangu."

Adan akasimama, akajipangusa magoti.

"Zake zimepasuka, Zai. Na mashindano ya Harare ni mwezi ujao. Zako zilikuwa zinakauka tu ndani ya katoni."

"Nilikupa uniwekee. Si ugawe!"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Zainab alikuwa na haki ya kukataa. Kabla ya mshipa wa kisigino kukatika, yeye ndiye aliyekuwa akiruka viunzi vya mita mia moja, na Adan, mwalimu wa michezo pale Ruiru, ndiye aliyekuwa kochi wake. Alimposa Zainab angali anatembelea magongo. Zainab alidhani amepoteza mbio akapata mume. Sasa aliona msichana mwingine amesimama penye alama yake, ndani ya viatu vyake, na mume mtarajiwa amepiga goti mbele yake.

Alirudi Thika amenuna. Dada yake, Nadira, ambaye walisaidiana naye kuendesha duka la vitambaa, alimwangalia mara moja tu akajua.

"Haya, umeona nini?"

"Mkono kwenye paja."

"Na daktari aliyekushona kisigino, alikushika wapi? Sikioni?"

"Dada, usinichekeshe. Hujaona vile anamwangalia."

"Anamwangalia vile alikuwa anakuangalia ukiruka. Huyo mwanaume anapenda viunzi, Zainab. Usimtafutie kesi."

Maneno hayo yalimchoma zaidi. Kama ni viunzi Adan anavyopenda, yeye asiyeruka tena alibaki na nini?

Mwaka ule wa 1995 simu ya mkononi ilikuwa haijafika kwa watu wa kawaida. Aliyemtaka Adan alipiga simu ya duka la Nadira, maana hapo hakukosa kupita. Siku moja ikalia, Zainab akashika.

"Haloo, kochi yuko? Ni Nafuna. Mwambie tumeitwa kambini Nairobi, mimi na yeye. Tunaenda Harare pamoja!"

Msichana alikuwa anacheka kwa furaha. Zainab alisikia neno moja tu. Pamoja.

Jioni Adan alipopita dukani, Zainab akamshika shati.

"Usiende."

"Zai, hii ni mashindano ya Afrika nzima. Nimengoja hii kitu tangu nianze kufundisha."

"Ulikuwa unaingoja na mimi."

Adan aliutoa mkono wake shatini taratibu.

"Ndiyo. Nilikuwa naingoja na wewe. Lakini siwezi kumwacha huyu kwa sababu wewe uliumia."

"Basi mchague."

"Sichagui. Naenda kazini."

Adan na Nafuna walipokuwa wameshaingia kambini, Zainab alingoja Nadira aende sokoni. Akafunga mlango wa duka, akapiga simu kambini. Alipokea mama mmoja mwenye sauti ya ukali. Zainab akaikaza sauti yake, akaifanya nzito.

"Nataka kuwaambia kitu kuhusu huyo msichana wenu wa viunzi, Nafuna. Ana mimba. Mimba ya kochi wake."

"Wewe ni nani?"

"Mtu anayejua. Hata hivyo viatu anavyovaa si vyake. Mvueni."

Akakata. Moyoni alihisi utamu, na huo utamu ulimtisha baadaye alipoukumbuka.

Haikuchukua muda, Adan akatokea mlangoni akiwa na begi begani.

"Wamenitoa kwa timu."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu amepiga simu. Amesema Nafuna ana mimba yangu. Wamempima mtoto wa watu kama mwizi, hana kitu. Yeye ataenda. Lakini mimi wamesema nibaki, eti jina la timu lisichafuke."

Zainab akamwekea chai. Alikuwa amepata alichotaka, Adan yuko Thika, kila jioni yuko naye. Lakini Adan huyo hakuwa yule. Alikaa kwenye kiti cha wateja akiangalia barabara. Ukimwongelesha anajibu "eeh". Uvumi ulifika hadi shuleni, na wazazi wengine walianza kuwakataza binti zao mazoezi yake. Hata habari ya harusi aliacha kuitaja.

Halafu, asubuhi moja, simu ya duka ikalia.

"Haloo! Ni Nafuna, niko Harare. Kochi yuko?"

"Yuko shuleni Ruiru."

"Mungu wangu." Sauti ilikatika, akawa analia. "Fainali ni leo alasiri. Jana kwenye nusu fainali nimepona kwa bahati. Kiunzi cha kwanza nakigonga kila mara. Sijui nafanya nini."

Zainab angeweza kuweka simu chini. Hakuna ambaye angejua. Lakini mguu wake ulikuwa umeshaikumbuka ile shida kabla kichwa hakijaamua.

"Unafika karibu sana nacho?"

"Eeh! Kana kwamba kimenisogelea."

"Si kiunzi. Ni uwanja. Huku tunafanya kwa nyasi, hapo njia imetandikwa mpira, unakurusha mbele. Hata mimi nilifanyiwa hivyo mara ya kwanza uwanjani Kasarani. Rudisha bloku za kuanzia mbio nyuma kidogo, nusu unyayo tu. Usipunguze mwendo. Umesikia?"

"Nusu unyayo."

"Na uruke mapema, hata kama unaogopa."

Nafuna akasema kwa upole:

"Asante, dada. Na najua ni wewe ulipiga simu kambini."

Zainab alishika meza.

"Nini?"

"Yule mama wa kambini aliniambia mwanamke aliyepiga alisema viatu si vyangu. Nani mwingine anajua hivi viatu si vyangu?"

"Adan anajua?"

"Sijamwambia. Ningesema angekuacha, na mimi sitaki kuitwa mvunja harusi. Lakini ulinifanya nivue nguo mbele ya watu nisiowajua, Dada Zainab. Hiyo sijasahau."

Simu ikakatika. Zainab alimwachia Nadira duka, akaenda Ruiru moja kwa moja. Alimkuta Adan anakusanya mipira peke yake.

"Ile simu ya kambini ni mimi nilipiga."

Adan hakupiga kelele. Aliweka mpira chini, akamwangalia kama mtu anayetafuta sura aliyoizoea.

"Wewe?"

"Mimi. Niliona umempa kila kitu changu. Hata viatu."

"Nami nimekuwa nikikaa kwenye duka lenu, nakunywa chai yako!" Akauokota mpira tena. "Viatu nilikosea. Nilifaa kukuuliza. Lakini hii... Nenda nyumbani, Zainab."

Jioni, redio ya duka la jirani ilitangaza kwamba Nafuna wa Kenya amepata medali ya shaba. Nadira alipiga vigelegele mpaka barabarani. Zainab aliketi chini katikati ya vitambaa, akalia, na hakujua analia furaha ama wivu.

Kesho yake alienda Nairobi kwa wakubwa wa timu, akasema mbele yao kwamba alidanganya. Wakamfokea kama mtoto. Akarudi Ruiru, akamwomba mwalimu mkuu awaite wale wazazi, akayarudia mbele yao. Adan alikuwa amesimama nyuma kabisa. Walipotoka nje akamwambia:

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Zikiisha nitakuja dukani."

Zilichukua muda kuisha. Miezi ilipita Zainab akichungulia mlango kila kivuli kinapopita, ndipo Adan akaja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaomba chai.

Harusi ilifanyika Thika mwaka uliofuata. Zainab mwenyewe ndiye aliyeenda kumwalika Nafuna, akamwomba msamaha mbele ya mama wa msichana. Siku yenyewe Nafuna aliingia na gauni la kijani, watu wakageuka, na Adan akainuka haraka kumlaki, meno yote nje. Zainab aliuhisi ule moto, uleule, ukipanda kifuani.

Nafuna akaja kuinama sikioni mwa bi harusi.

"Dada, unaniangalia vibaya."

"Nakuangalia, ndiyo," Zainab akasema, akasogea, akapiga mkeka aliokalia kwa kiganja. "Njoo ukae hapa karibu, nikuone vizuri."

Nafuna akacheka, akakaa.