Mlango wa Chekechea

Wanakijiji wenzangu, nisikilizeni bila kunikatiza, maana katika jambo hili hakuna aliyetoka mikono mitupu.

Asubuhi moja ya kiangazi, mwaka wa pili tangu wakimbizi wavuke mto kutoka Rwanda, Bonifasia alikaa uani kwake, hapa Murukulazo, akimenya mihogo. Bintiye Iteka, wa miaka minne, aliyapanga maganda mstari mmoja na kuyaita wanafunzi.

"Kaeni kimya," aliyaambia. "Mwalimu amekuja."

Mama yake akacheka.

Mwalimu hakuwapo. Alikuwa amepata kazi kwenye kambi ya wakimbizi, na chekechea yetu ikafungwa. Tukasema jengo litaoza bure. Mmoja akang'oa dirisha, mwingine bati. Mimi nilichukua benchi, nikawa naanikia kahawa juu yake. Leonidas, mume wa Bonifasia, alichukua mlango wa mninga uliohitaji wanaume wawili kuubeba, akaupachika nyumbani kwake.

"Shemeji, mlango wako unasoma darasa la ngapi?" tulimtania.

"La saba. Wenu wa mabua haujaandikishwa hata la kwanza!"

Tulicheka sana. Ndugu zangu, kicheko kile nakikumbuka kuliko nyimbo za mazishi.

Siku hizo sote tulikwenda kambini kubadilisha ndizi kwa unga wa njano na mafuta ya msaada. Watoto wadogo tuliwafungia ndani. Hatukuona ubaya. Kwenye umati ule mtoto angepotea.

"Nimwache kwa bibi Nizigiyimana?" Bonifasia aliuliza alipomaliza mihogo. Huyo ni jirani yao, Mrundi, mjane.

"Bibi ana wajukuu watano, atamlisha nini?" Leonidas akajibu. " Mfungie. Mlango huu hata tembo hauvunji."

Wakafunga kufuli, wakaondoka na mikungu yao. Ndani, kwenye mafiga, kulibaki kaa moja hai chini ya majivu. Kando yake kulikuwa na majani makavu ya migomba, ya kutandika.

Nizigiyimana ndiye aliyeona moshi, akapiga yowe. Tuliobaki mashambani siku hiyo tulikimbia. Tuliupiga mlango kwa majembe, kwa shoka, kwa gogo. Haukuvunjika. Ukuta ulikuwa wa udongo, tungeutoboa mapema, lakini macho yetu yote yalikuwa mlangoni. Tulipoutoboa, moshi ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake.

Iteka alikuwa nyuma ya mlango. Sisemi zaidi.

Bonifasia hakulia. Baada ya matanga alirudi uani kumenya mihogo. Maganda aliyapanga mstari mmoja, kisha akayatazama mpaka jua likazama.

Wiki ya tatu, Leonidas alionekana njiani akiuburuta mlango peke yake. Audax, mwenyekiti wa kitongoji, akamsimamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaupeleka wapi?"

"Kwao."

Audax alishika upande wa pili, wakaubeba hadi kwenye lile gofu la chekechea, wakauegemeza ukutani.

Jioni hiyo nilirudisha benchi. Kesho yake tulikuta mabati matatu pale, na dirisha moja, bila mtu wa kusema ni nani aliyeleta. Kila Jumamosi tukafanya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Wanawake tulikanda udongo, wanaume wakapaua. Mwalimu mpya akapatikana Rulenge. Hakuna aliyeimba kazini. Tulifanya kazi kama watu wanaochimba kaburi, na wala hatukuchoka.

Fundi Mihayo ndiye aliyepachika mlango, siku ya kuamkia ufunguzi. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ubao wa chini.

"Mama Iteka, nipige randa hapa? Kuna mikwaruzo, upande wa ndani."

"Acha."

"Lakini kesho wageni wataiona."

"Waione."

Kesho yake watoto thelathini na mmoja waliingia. Bonifasia alisimama kizingitini, ameushikilia mlango ukiwa wazi, na hakuuachia hadi mtoto wa mwisho alipotoka.

FUNZO

Anayebomoa cha watoto wote hajui ataanza kumwumiza mtoto wa nani. Chekechea haifi siku mwalimu anapoondoka. Inakufa siku jirani anapong'oa msumari wa kwanza na sisi tukacheka. Kama nyumbani kwako kuna ubao, bati au benchi la watoto, lirudishe leo. Usingoje sababu niliyoingoja mimi.