Fimbo ya Mfiwa

"Usimuguse. Rudia."

"Sitamugusa, chef."

Mwansa, afisa usalama, akashusha redio yake ya Motorola na kusonya.

Mara ya tatu wiki hii anakatazwa! Glock iko kiunoni, askari sita wako mlangoni pa uwanja wa ndege wa Luano, na wote wamefungwa mikono na damu ya kifalme.

Land Cruiser nyeupe ilisimama. Akashuka Vital, mwana wa mfalme wa ukoo wa Chui, ngozi begani, fimbo mkononi, kitambaa cha msiba kichwani. Wazee wanne nyuma yake. Dada yake ameolewa na waziri wa vita wa serikali adui. Ati anakwenda kumzika baba mkwe wa dada huyo, vita vikiwa vimepamba moto.

Nani atampekua mfiwa wa kifalme?

Lakini asubuhi hiyo Amadi, fundi mchongaji, alikuwa ametoboa siri: alilipwa kuitoboa ile fimbo katikati. Ndani kuna kadi ya kumbukumbu yenye ramani ya kambi za jeshi mashariki. Katika mojawapo analala Pierre, ndugu yake Mwansa wa tumbo moja.

Dakika kumi na mbili ndege iruke.

"Chef, fimbo tu. Niruhusu."

"Négatif!" Kanali Ézéchiel, mkuu wake, alifoka redioni. "Ukimugusa, batu ya ukoo banafunga barabara zote, na mimi ninafungwa."

Mwansa alitamani kuipiga redio ukutani. Akakitazama tena kile kitambaa cha msiba.

Msibani, bwana ni mtani. Na Mwansa ni wa ukoo wa Mbuzi, watani wa Chui tangu enzi za mababu.

Akavua koti, akawafuata.

"We Chui! Ulikula babu zangu wote, leo unalia machozi ya nani?"

Mzee Nkandu, mkubwa wa wale wazee, akaangua kicheko. "Mbuzi amekuja!"

"Mama, tuko na haraka," Vital alisema.

"Haraka ya nini? Maiti iko na miguu?"

Wazee wakapiga makofi. Mwansa akaidaka fimbo.

Vital akaing'ang'ania.

Kosa. Mfiwa hamnyimi mtani, hata awe mfalme.

"Achilia, mwana." Kicheko cha Nkandu kilikuwa kimekatika. "Unatuaibisha."

Vidole vikalegea. Mwansa akaivunja fimbo gotini. Kadi ndogo kama ukucha ikadondoka miguuni pa mzee.

"Ni nini hii?"

"Ramani ya kambi za batoto betu, baba. Alikuwa anabapelekea adui."

Nkandu alimvua Vital ngozi ya chui, akaikunja taratibu, akampa kisogo. Watatu wengine wakafuata.

Aliyebaki pale alikuwa mtu wa kawaida. Askari wanajua la kufanya na mtu wa kawaida.

Pingu zilipolia ndipo Kanali alipotokea mbio, na mpiga picha.

"Bravo! Si nilisema tutamukamata? Lete fimbo, ni ushahidi."

Mwansa alimkazia macho. Hasira ilimpanda, akaimeza.

"Kadi ndiyo hiyo, chef. Fimbo nimeichukua msibani. Cha mtani hakirudi."

Akaweka vipande kwapani, akakatiza mbele ya kamera, akasimamisha teksi.