Kisanduku cha Asiyeonekana

Kisanduku kile hakikutakiwa kujazwa. Fundi wa tovuti alikiweka kwenye fomu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakificha. Hakikuwa na rangi wala mstari wala upana, na mtu aliyefungua ukurasa ule asingekiona hata angebandika uso kwenye kioo cha simu. Ni mtego wa siku nyingi katika kazi hiyo. Zile roboti zinazozurura mtandaoni kumwaga matangazo ya dawa za kunenepesha na mikopo ya dakika mbili hujaza kila nafasi inayoandikika. Basi kisanduku kilichofichwa kikijazwa, mfumo unajua kwamba aliyekuja si mtu, na ujumbe wake unatupwa kwenye folda ya taka bila kumsumbua yeyote.

Jumanne moja, saa saba kamili mchana, kilijazwa. Fundi alikuwa ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la fotokopi, akipitia taka za siku hiyo huku anatafuna mkate. Ujumbe ule ulimfanya aache kutafuna. Nafasi ya jina ilikuwa tupu, ya simu tupu, ya ujumbe tupu, na fomu yenyewe haikubali kutumwa bila jina na simu. Kisanduku cha siri peke yake ndicho kilichokuwa na maneno: "Namtaka anayeshona."

Tovuti ile ilikuwa ya mke wake.

Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe hausemi: fundi alikuwa na wivu wa kumtoa mtu usingizini. Mkewe alishona suti za kiume katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na alizishona vizuri mno. Suti haishonwi kwa kukisia. Mteja anavua koti, anapimwa kifua, mabega na kiuno. Mumewe alijua kwamba hiyo ni kazi. Alijua vilevile kwamba wanaume wana midomo, na kwamba mkewe alikuwa mwepesi wa kucheka.

Zamani namba yake ya simu ilikuwa kwenye kibao cha nje, ikipigwa mchana kutwa. Fundi ndiye aliyeshauri tovuti. Akamwambia namba yake sasa itapumzika, wateja waandike kwenye fomu, naye atazichuja taka amletee wateja wa kweli tu. Mkewe alifurahi akawasimulia mashoga zake alivyo na mume anayejali. Hakujua kwamba kila ujumbe unapita kwanza mikononi mwa mumewe, na kwamba mteja mmoja aliyeandika "mkono wako una baraka, dada" alitupwa folda ya taka pamoja na wauza mikopo.

Sasa nani huyu aliyekiona kisicho na sura? Fundi alifungua msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya ndani yanayouendesha, na alipofika kwenye kisanduku akajishika kichwa. Kilikuwa na swali juu yake, nalo lilisema: "Wewe usiyeonekana, unataka nini?"

Hakuwa ameliandika kwa ajili ya mkewe. Miezi miwili nyuma alimtengenezea tovuti mganga mmoja, mama mnene asiye na muda wa porojo, mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la matairi. Yule mama alitaka jambo moja la ajabu. Alisema wagonjwa wake hawaji peke yao, kwa hiyo fomu iwe na mahali ambapo yule aliyefuatana na mgonjwa ataeleza haja yake bila mgonjwa kupaona. Fundi alicheka kimoyomoyo, akamwambia mahali hapo pameshakuwapo, kwenye mtego wa roboti. Mganga akamsomea swali, naye akaliandika. Kisha ilipofika zamu ya tovuti ya mkewe, kwa kuwa kunakili ndiyo dhambi ya kila siku ya mafundi wa tovuti, aliibeba fomu ya mganga nzima nzima, akabadilisha rangi, akaweka picha za suti, na swali akalisahau mle ndani.

Mtu mwenye akili timamu angelifuta pale pale. Wivu ukampa akili yake. Huyu ni mwanamume, aliwaza, mjanja aliyefukua msimbo. Ni mmoja wa wateja. Akakifunua kisanduku kwenye kompyuta yake, akaandika, "Wewe ni nani?"

Jibu lilikuja kesho yake saa saba. "Ninayemwona. Leo amecheka mara mbili, na zote mbili ni kwa mwenye suti ya kijivu."

Jioni alimuuliza mkewe, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, iwapo mwenye suti ya kijivu alipita. Mguu wa mkewe ukasimama juu ya pedali ya cherehani.

"Umejuaje?"

Alijibu kwamba amebahatisha tu. Lakini moyoni alisikia utamu, utamu wa mtu aliyeumwa na shaka miaka yote na leo ameonyeshwa mahali pa kukuna.

Tangu hapo saa saba ikawa saa yake. Duka la chini lilikuwa linafungwa kwa chakula cha mchana, mtaa unatulia, na kisanduku kinampa habari. Leo amemshonea kijana kifungo bila malipo. Leo amejitazama kwenye kioo kabla ya mteja kuingia. Fundi alizimeza zote, na jioni alizirudisha kwa mkewe kwa njia ya maswali, hata mkewe akawa anashtuka kila anapoitwa.

Siku ya tisa habari haikuja. Kisanduku kiliandika hivi: "Mkono mtupu haulambwi. Nami nipe jambo lake moja."

Akampa. Alianza na vidogo, kwamba mkewe hulala na soksi mguu mmoja, na wimbo anaoimba chini chini anapokata kitambaa. Kisha vikawa vikubwa. Alimpa siku waliyokutana, alipopeleka shati kutiwa kifungo na mkewe akajichoma sindano, tone la damu likaangukia ukosi, na yeye hakulifua shati lile mpaka leo. Akampa hata jina alilomwita mkewe wakiwa wawili tu, kwa sababu ya tone lile: Kitone. Alipomaliza kuandika jina hilo, chumba kilijaa harufu ya kitambaa kibichi kilichounguzwa na pasi, ingawa ofisini hapakuwa na pasi, na chini ya meza yake, pale miguu yake ilipokuwa, akasikia pedali ya cherehani ikipanda na kushuka, polepole, kama ya mtu anayejifunza. Aliinama. Hapakuwa na kitu. Akajiambia ni mashine za fotokopi za chini, huku akijua kabisa kwamba chini pamefungwa.

Wiki iliyofuata habari zilibadilika.

"Kuna mwanamume," kiliandika kisanduku. "Si mteja. Huja jioni. Humshika bega bila kuomba."

Damu ilimpanda kichwani. Aliuliza ni nani. Kesho yake akaambiwa kwamba mwanamume huyo huvua kiatu cha kushoto kwanza, na kwamba anakula chakula cha yule mwanamke bila kushukuru. Fundi alirudi nyumbani akachungulia nyuma ya pazia, akahesabu sahani, akanusa hata taulo. Mkewe alimtazama. Machozi yalimlengalenga akayarudisha.

Jumapili saa saba fundi alikuwa nyumbani, kwenye kiti cha karibu na dirisha, mkewe akipiga pasi chumba cha mbele. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa, akainua chai kwa mkono mwingine, akasoma: "Yupo sasa hivi. Amekaa karibu na dirisha. Ananywea kikombe cha bluu chenye ufa. Simpendi. Amekaa na mwanamke yule muda mrefu mno bila kumstahili, nami nitamwondoa."

Kikombe kilikuwa kimeshagusa midomo yake. Alikishusha taratibu, akauona ufa, akaiona rangi, na pale ndipo alipoelewa kwamba mwizi aliyekuwa akimwinda wiki nzima, aliyetamani kumnyonga kwa mikono yake miwili, alikuwa ni yeye mwenyewe, na kwamba aliyekuwa akimletea habari zote zile hakuwa mpelelezi wake hata siku moja, bali alikuwa mwenye wivu mwenzake, na wivu wa huyo ulikuwa mkubwa kuliko wa kwake.

Alimwita mkewe akamweleza. Alimweleza habari ya fomu na kisanduku, na swali la mganga, na habari za saa saba. Yale aliyoyatoa kama malipo hakuyagusa kwa aibu. Mkewe alisikiliza huku ameshika pasi, na mumewe alipomaliza aliiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

"Sasa yule anayekuja saa saba ni nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani anayekuja?"

"Wewe. Kila siku ya kazi saa saba unaingia, unakaa kiti cha wateja, unanitazama ninavyoshona. Husemi neno. Mimi nikadhani umenuna, nikakuacha." Akajishika mabega. "Jana ulianza kuimba wimbo wangu."

Fundi hakuwahi kuja nyumbani mchana.

Hawakungoja kesho. Mganga aliwapokea ofisini, akasoma simu ya fundi toka juu hadi chini bila kukunja uso, kisha akamsonya. Alisema swali lile halikuwa pambo. Ukimuuliza asiyeonekana anataka nini, atakwambia, na ukiendelea kuongea naye umeshamkaribisha.

"Nijibu hili vizuri," alisema. "Kuna chochote cha mkeo ulichompa?"

Mkewe alikuwa amekaa ubavuni pake. Fundi aliona akilini zile soksi, ule wimbo, lile shati, lile jina.

"Hakuna," alisema.

Mganga akamrudishia simu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama hukumpa kitu, leo anatoka. Kama ulimpa, hapa tunafunga dirisha na mlango uko wazi."

 Basi mganga akafanya kazi yake. Alimwamuru afute swali, kisha kisanduku, kisha fomu nzima, naye akisoma juu ya kichwa chake kwa sauti iliyopanda mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, na ile harufu ya kitambaa kilichounguzwa ikajaa ghafla, ikawapita, ikashuka ngazi. Chini, kwenye duka la matairi, mbwa alilia mara moja akanyamaza.

Namba ya mkewe ikarudi kwenye kibao. Simu zikapigwa, wateja wakacheka, naye fundi akauma meno akazoea. Mkewe aliweka sharti moja tu.

"Wewe uliweka mtego wa kumjua asiye mtu," alimwambia. "Na mimi naweka wangu mlangoni. Kila ukirudi nitakuuliza neno la kwetu wawili. Usipolijua, sifungui."

Ukawa mchezo wao. Damu iliangukia wapi? Kwenye ukosi. Nalala na soksi mguu gani? Wa kulia. Mlango unafunguka, na mke nyuma yake anatabasamu. Mara mbili tatu fundi alitaka kumwambia kwamba majibu hayo kuna mwingine anayeyajua. Kila mara aliona afadhali angoje, maana nyumba ilikuwa na amani, na amani haichokonolewi.

Mwezi wa tatu tangu waende kwa mganga, siku ya Alhamisi, aliwahi kutoka kazini. Saa kumi jua bado kali, mkononi ana uzi mweusi aliotumwa. Alipokaribia mlango alimsikia mkewe anacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha kutoka tumboni, ambacho yeye hakukisikia tangu walipooana. Sauti ya mwanamume ikajibu chini chini. Wivu ulimpanda kabla ya hofu. Akagonga kwa ngumi.

Kicheko kikakatika. Miguu ikaja mpaka mlangoni.

"Nani?"

"Mimi. Fungua. Uliza swali lako."

 Kisha mkewe akasema, "Damu iliangukia wapi?"

"Kwenye ukosi."

"Unaniitaje?"

"Kitone. Fungua, mke wangu, nani yuko humo ndani?"

 Chini ya mlango ilitoka harufu ya kitambaa kibichi kilichounguzwa na pasi, na fundi akabandika midomo kwenye tundu la ufunguo akayasema yote aliyoyaficha, kwamba majibu hayo aliyauza yeye, moja baada ya jingine, soksi na wimbo na shati na jina, aliyauza ili apewe habari zake, alimdanganya mganga na mkewe amekaa pale pale ubavuni, na aliye ndani si mumewe, ni yule wa kisanduku, atoke, atoke sasa hivi.

Mkewe alikuwa analia. Alimsikia.

"Alinieleza," alisema. "Mchana wa leo. Alipiga magoti akanieleza yote hayo, akaniomba radhi. Akasema jioni atakuja mwingine mwenye sura yake, naye atayasema hayo hayo."

"Kitone, ni mimi."

"Tangu kwa mganga nilihisi mume wangu ananificha kitu, miezi mitatu nikamngoja aniambie," alisema mkewe. "Leo ameniambia."

Na kutoka ndani, karibu kabisa na mlango, sauti ya fundi mwenyewe ikasema kwa upole, "Njoo ukae, Kitone, usimsikilize." Komeo la juu likasukumwa, kisha la chini, na baada ya muda cherehani ikaanza kushona.