Uvimbe kwenye Shavu la Mary

Kila asubuhi kabla ya shule, Nyamburi alikwenda bombani kuchota maji. Bomba la kitongoji chao, huko Kiriba, lilikuwa jirani na mashine ya kusagia mihogo. Wanawake waliokuwa foleni walicheka na kutaniana mpaka yeye alipotokea. Hapo vicheko vikakatika. Mmoja alivuta ndoo yake kando. Mwingine akajifanya anamfunga vizuri mtoto mgongoni.

"Simama huko nyuma," alisema Esta, ambaye wengi walimwita Mama Diana. "Na ndoo yangu usiiguse."

"Shikamoo, mama."

Esta hakuitikia. Aliwageukia wenzake akasema kwa sauti ya kusikika, "Kuna watu wana pikipiki inang'aa uani. Mtoto wa kiume yuko wapi? Mimi simo jamani, nauliza tu."

Nyamburi aliinamisha uso. Maneno hayo aliyajua. Isaya, mdogo wake, alikuwa amefariki mwaka uliopita kwa saratani ya taya, akiwa darasa la pili. Kabla tu hajaugua, baba yao, Masatu, alikuwa amenunua pikipiki ya kubebea samaki kutoka mwaloni, wanakoshushwa samaki ziwani, hadi Musoma mjini. Watu wakayaunganisha mambo hayo mawili. Wakasema Masatu alimtoa mwanawe kafara ili apate mali. Wengine wakaongeza kwamba ugonjwa wenyewe unaambukiza, na kwamba kikombe cha nyumba ile hakifai kunywewa.

Ukweli ulikuwa mwingine. Ugonjwa ulianza kama jino bovu. Jino liling'olewa, lakini shavu likazidi kuvimba. Wazazi wakampeleka Isaya kwa mganga, akabandikwa majani. Walipofika hospitali kubwa ya Mwanza, saratani ilikuwa imeshaenea.

Tangu mazishi, Masatu hakuwa yule baba wa zamani aliyependa utani. Mkewe, Getruda, alilia mbele za watu mpaka machozi yakapungua. Masatu hakulia. Yeye aligomba. Aligombana na mchungaji aliyemwambia kwamba Mungu alimpenda Isaya zaidi. Alinyanyuka katikati ya sala akatoka nje. Siku moja jirani mmoja, kwa nia njema, alimwita Baba Nyamburi ili asimkumbushe msiba. Masatu alitua kikombe chini kwa kishindo.

"Mimi ni Baba Isaya," alisema. "Mtoto amekufa, jina lake nalo mnataka kulizika?"

Nyamburi alikuwa mlangoni. Alimwonea baba yake huruma, lakini neno lile lilimchoma. Alijiuliza kama siku hizi baba yake alikumbuka kwamba bado ana mtoto.

Tena Masatu alikuwa na tabia mpya iliyowatisha watu. Akiwakuta watoto njiani, alisimamisha pikipiki na kuwakodolea macho mashavuni, mmoja baada ya mwingine. Kina mama walikimbilia watoto wao na kuwaingiza ndani. Alipoulizwa anatafuta nini, alijibu kwa ukali, "Ninachotafuta ninyi hamkijui." Kisha aliondoka kwa kasi na kuwaachia vumbi.

Shuleni mambo hayakuwa bora. Nyamburi alisoma darasa la sita pamoja na Diana, binti wa Esta. Saa ya uji Diana alimfuata mpaka alipokaa.

"Mwambie baba yako aache kumwangaliaangalia mdogo wangu," alisema mbele ya wote. "Jana alisimama akamtazama Mary mpaka mtoto akalia. Kama amemaliza wa kwake, asije kwetu."

Baadhi ya wanafunzi waliguna. Nyamburi alipandwa na hasira, lakini kabla hajajibu alimwona Mary mwenyewe akija na kikombe chake. Mary alikuwa darasa la awali, mtoto mcheshi mwenye maneno mengi. Shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna kidogo, kama mtu aliyeficha kipande cha muhogo mdomoni.

Nyamburi alilikazia macho. Shavu la Isaya lilianza hivyo hivyo.

"Huyo amefanya nini shavuni?" aliuliza.

"Ni jino. Linakuhusu nini?" Diana alimjibu. "Mama amesema usimkaribie."

"Sawa," alisema Nyamburi.

Alimalizia uji wake polepole, na moyoni alisikia furaha mbaya. Aliwaza, "Wametuita wachawi. Acha sasa waone wenyewe." Jioni alipofika nyumbani hakumwambia mama yake wala baba yake. Kesho yake pia alinyamaza. Kila alipopita karibu na darasa la awali aligeuza uso upande wa pili, lakini macho yalirudi yenyewe kutazama. Na kila alipotazama, shavu lilikuwa limeongezeka.

Wiki ilipokwisha ile furaha ilikuwa imegeuka kitu kingine. Kila jioni alisukuma sahani kando. Mama yake alimgusa paji la uso akidhani ana malaria.

Jumatatu iliyofuata Mary mwenyewe alimfuata uwanjani, kwa kuwa Diana hakuwapo karibu. Alifungua kiganja chake. Ndani yake kulikuwa na jino la nyuma, jeupe, zima kabisa.

"Dada, tazama! Limetoka lenyewe. Wala halijauma. Na hili jingine linacheza."

Nyamburi hakungoja kengele. Alikimbia bila ruhusa ya mwalimu, akakata katikati ya mashamba ya mihogo mpaka nyumbani. Masatu alikuwa uani akifunga tenga la samaki kwenye pikipiki.

"Baba! Mary wa Mama Diana amevimba shavu. Meno yanatoka yenyewe, kama ya Isaya."

Masatu aliachia kamba. "Wewe umeonaje?"

"Nimeona. Nimeona tangu wiki iliyopita, baba."

"Tangu wiki iliyopita?"

"Nilinyamaza kwa sababu wanatutukana. Nilitaka na wao…" Hakuweza kumaliza.

Uso wa Masatu ulibadilika. Nyamburi alidhani atapigwa, akajikunyata. Baba yake aliinua mkono, akaushusha, akaupitisha usoni mwake mwenyewe.

"Mimi pia nilimwona," alisema taratibu. "Ile siku aliyolia. Nilisema moyoni, nikienda pale watanipiga. Nikaondoka." Kisha akamwaga samaki kwenye beseni la mkewe. "Panda."

Walimkuta Esta akianika dagaa. Alipoona pikipiki ikiingia uani kwake, alipiga kelele zilizotoa watu majumbani. Mumewe, Yusto, alitoka ndani akiwa na panga mkononi.

"Masatu, umefuata nini kwangu?"

"Nimefuata mtoto. Mpelekeni hospitali leo."

"Mnasikia?" Esta alilia. "Ameshamfanyia vitu vyake, sasa anatuambia tumpeleke hospitali! Kesho ninampeleka akang'olewe jino, basi. Toka hapa, mla watoto wewe!"

Watu waliendelea kukusanyika. Mmoja aliokota jiwe. Nyamburi aliliona lile jiwe, akaona na panga la Yusto. Alimjua baba yake. Alingoja alipuke kama kawaida yake. Lakini Masatu alisimama tu, mikono chini.

Basi Nyamburi akashuka kwenye pikipiki akasogea mbele.

"Baba Diana, mtazame mdomoni," alisema. "Mimi nililalaga kitanda kimoja na Isaya. Kwanza shavu lilivimba. Halafu meno ya nyuma yakalegea, bila maumivu. Sisi tulidhani ni jino, likang'olewa, na uvimbe ukakua haraka zaidi. Mary amenionyesha jino lake leo. Kama ninasema uongo, nipigeni mimi."

Mary, aliyekuwa amesharudi kwa kuwa darasa la awali hutoka mapema, alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Yusto alimtazama mkewe, kisha akaweka panga chini. Alimwita mtoto, akawasha tochi ya simu na kumulika mdomoni. Alitazama muda mrefu. Alipogusa jino moja kwa kidole, lilicheza.

"Esta," alisema, "mletee nguo."

"Kwa pikipiki hiyo? Pikipiki ya kafara?"

"Ndiyo iliyopo!" Yusto alifoka. "Au unataka tukae hapa tukitukanana mpaka mtoto atufie mikononi?"

Wakaondoka, Masatu mbele, Mary katikati, Yusto nyuma. Esta alibaki amesimama kando ya dagaa wake. Hakumtazama Nyamburi. Na Nyamburi hakuona ushindi wowote. Alirudi shuleni kwa miguu, akaadhibiwa kwa kutoroka, akakubali.

Hospitalini Musoma daktari hakuchelewa. Aliandika rufaa ya kwenda Mwanza, na huko vipimo vikaonyesha saratani ile ile iliyomuua Isaya. Tofauti ilikuwa moja: Mary alifikishwa ikiwa bado haijaenea. Alitundikiwa dripu za dawa kali, akatapika, nywele zikanyonyoka. Esta alikaa naye wodini kwa miezi. Waliporudi Kiriba shavu lilikuwa limeshuka, ingawa walitakiwa kurudi kliniki kila mara.

Jumapili moja Esta na Yusto walikuja na Mary kwa Masatu. Esta alipiga magoti kwenye mlango.

"Baba Isaya, nilikukosea. Nilikuita mchawi, na kumbe…"

"Nyanyuka," alisema Masatu. "Sikuja kwako kwa ajili yako. Ulichosema juu ya mwanangu ninakikumbuka chote, na leo siwezi kukwambia yamekwisha."

Getruda alitaka kuingilia kati, lakini Esta alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Walikunywa chai. Mary peke yake ndiye aliyeongea, akisimulia habari za wodi na za nesi aliyekuwa akimpa juisi. Alipocheka, Masatu alinyanyuka ghafla na kwenda nyuma ya nyumba.

Nyamburi alimfuata. Alimkuta ameegemea ukuta, analia. Hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya mazishi. Alisimama kando yake.

"Baba, bado unawachukia?"

"Mama yake, ndiyo. Labda itaisha, sijui." Masatu alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini mtoto hana ugomvi na mtu. Nisikilize, Nyamburi. Wewe ulinyamaza kwa hasira, na mimi nilinyamaza kwa kuogopa watu. Kidogo tu tungemzika mtoto wa pili. Ukiona mtoto amevimba shavu, au ana uvimbe wowote usioeleweka, sema siku hiyo hiyo, na apelekwe hospitali kwanza. Hata kama ni mtoto wa adui yako. Ugonjwa haungojagi watu wapatane."

"Nimeelewa, baba."

"Na kukimbia kule ulikokimbia, sikukushukuru. Asante, mwanangu."

Nyamburi alishika mkono wake. Walikaa chini, migongo ukutani. Baada ya kitambo Masatu alisema, "Isaya alipendaga sana macho ya samaki. Unakumbuka?"

"Alinyang'anya mpaka la kwako!"

"Siku ile ya wageni, alipolitoa kwenye sahani ya mchungaji…"

Nyamburi alianza kucheka, na baba yake, machozi yakiwa bado yanamtiririka, akacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kwa jina la Isaya kutajwa nyumbani pale bila ugomvi. Walicheka kwa sauti mpaka Getruda akaja mbio kutoka mbele ya nyumba, mkono kifuani, kuwauliza kuna nini.