Askari wa Sukari

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Elisifa alifagia uwanja, akawapelekea ng'ombe majani, kisha akaingia jikoni kufunga kabati. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na sukari, asali na chane ya ndizi mbivu. Ufunguo aliuvaa shingoni. Hakuviweka vitu hivyo mbali na wezi. Aliviweka mbali na baba yake mzazi.

Mzee Ebenezeri, ambaye zamani si nyingi alibeba gunia la mbolea begani huku akiimba nyimbo za kwaya, sasa alilala chumba cha mbele, macho ya njano, tumbo limejaa, mikono imebaki mifupa. Hospitalini Moshi walisema ni saratani ya ini, imeshaenea, haiwezi kukatwa. Wakampa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi.

Ndipo shangazi Mektrida, dada yake baba, alipopanda kutoka Bomang'ombe na simu yake. Katika simu hiyo mtu aliyevaa koti jeupe alisema saratani inakula sukari, na ukiinyima inakufa kwa njaa.

"Kumbe tunamlisha adui!" alisema shangazi. "Wifi, kuanzia leo hakuna chai ya sukari, hakuna uji. Hata mtori acheni, maana ndizi ikifika tumboni ni sukari tu."

Mama Elisifa alikuwa amemwomba Mungu ishara, hata iwe ndogo kiasi gani. Aliipokea hiyo. Baba akabaki na mchicha na mchuzi mwembamba. Na kwa kuwa mama alikuwa mwepesi wa huruma, ulinzi akapewa Elisifa, mwanafunzi wa darasa la sita, mtoto ambaye akisema hapana ni hapana.

"Askari wa sukari!" mdogo wake Primus alimtania. "Afande, naomba kibali nilambe kijiko."

"Toka hapa, Primus. Hujui kinachoendelea."

Baba hakutania. Alikuwa akimwita kwa sauti ya chini, mama asisikie.

"Elisifa, mama yangu, leo mtori kidogo tu. Kijiko kimoja."

"Baba, ukila unailisha saratani."

"Na mimi, nani ananilisha?"

Alitabasamu kama mtu aliyefanya mzaha, halafu akageukia ukutani. Elisifa alitoka nje, akasimama nyuma ya banda la ng'ombe mpaka machozi yakakauka. Lakini kabati hakulifungua. Kila alipomwona baba anakonda, alijiambia kwamba ugonjwa nao unakonda.

Jumamosi moja mama alikuwa bondeni akikata majani, na shangazi, aliyekuja kuwatembelea, alikuwa kisimani. Elisifa aliingia kumsalimu baba akamkuta anatetemeka. Asubuhi hiyo ilikuwa ya ukungu na baridi kali, lakini shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Aikaeli," alimwambia, akimwita kwa jina la ndugu yake aliyefariki zamani, "mbona umekaa? Leo maji ya mfongo ni zamu yetu. Nenda kafungue mfereji."

"Baba, ni mimi. Ni Elisifa."

Macho yake yakapinduka, akalegea.

Elisifa alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, mama na shangazi wakarudi mbio. Kwa bahati Martin, dereva wa gari la maziwa, alikuwa njiani akipakia. Walimlaza mzee kati ya madumu, shangazi akashika kichwa chake, mama akashika miguu. Njia nzima midomo ya mama ilicheza bila sauti.

Hospitalini muuguzi alimchoma kidole kwa sindano ndogo, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akashtuka. "Sukari imeshuka mno!" Akakimbilia bomba la sindano na kumwingizia dawa mshipani.

"Ni dawa gani hiyo, nesi?" mama aliuliza.

"Ni sukari, mama. Maji ya sukari."

Haikupita muda baba akafumbua macho. Aliangalia dari, akajipapasa shati, akauliza, "Nani kanilowesha hivi?"

Mama alisema asante Yesu. Elisifa aliushika ufunguo uliokuwa shingoni. Kile alichokifungia kabatini ndicho kilichomrudisha baba yake.

Daktari Salvina alikuja, mama wa makamo, mzaliwa wa hukohuko mlimani. Walimwamkia, akaitikia, akamgeukia mgonjwa na kumtazama mikono.

"Anakula nini nyumbani?"

"Anakula vizuri tu, daktari," shangazi aliwahi kujibu. "Ila hamu ndiyo haipo."

Mama aliinamisha macho. Elisifa alimtazama mama, akamtazama shangazi. Akisema, atawaaibisha wakubwa wake mbele za watu. Akinyamaza, jioni watarudi nyumbani na kabati litafungwa tena.

"Hapana, daktari," alisema. "Hamu anayo. Anaomba chakula kila siku, na mimi ndiye ninayemnyima."

"We mtoto!" shangazi alifoka.

"Mwache aseme," alisema daktari. Elisifa akasema yote, toka simu ya shangazi mpaka ufunguo wa shingoni.

Daktari alikaa kando ya kitanda. Hakugomba.

"Huyo wa kwenye simu alichukua kipande cha ukweli akakiacha kipande kikubwa. Mzee, shambani kwako mfongo unapita?"

"Unapita," alijibu baba kwa sauti ya kukwaruza.

"Basi ini ni kama mwenyekiti wa mfongo, anayegawa maji. Ukila, linaweka akiba ya sukari. Usipokula, linaifungulia kidogo kidogo, ili ubongo, moyo na misuli vipate. Na kila chembe hai ya mwili ina lango lake: likiamriwa kufunguka linafunguka, likiamriwa kujifunga linajifunga. Chembe za saratani zimevunja lango. Hazisikii amri. Zinavuta sukari nyingi na kuiunguza ovyo, usiku na mchana."

"Si ndiyo maana tukaikata?" aliuliza shangazi.

"Mama, jirani akivunja lango lake, wewe ukaenda kuziba mfongo kule juu mlimani, nani atakauka?"

Baba ndiye aliyejibu. "Wote. Na yule mwizi atakunywa yale ya mwisho."

"Ndivyo ilivyo. Mwili ukikosa chakula unavunja nyama yake wenyewe, unatengeneza sukari humo, na saratani inachukua. Na ini hili bovu akiba yake imeisha, kwa hiyo leo hata ubongo ulikosa. Wataalamu wanatafuta dawa ya kufunga lile lango moja lililovunjika. Mpaka leo hawajaipata ya kumponya mzee. Kumnyima uji si dawa hiyo."

Elisifa alisema kwa shida, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua baba?"

"Ugonjwa hukuuleta wewe. Ila sitakudanganya, mwanangu. Nyama aliyoipoteza kwa njaa ilikuwa nguvu yake, na sina namna ya kuirudisha yote. Si kwamba mumjaze sukari. Ale chakula chake, kidogo kidogo, mara kwa mara: uji wa maziwa, mtori, yai. Na kila mnachosikia juu ya ugonjwa huu, niulizeni kabla ya kukifanya."

Waliporudi nyumbani mama alipika mtori. Baba alikula vijiko vichache, akasukuma bakuli. Tumbo lilikuwa limesahau kula. Elisifa alimbembeleza, baba akajitahidi kimoja zaidi kwa ajili yake tu, na hilo lilimuuma Elisifa kuliko kama angekataa. Kuna siku alipata nguvu ya kukaa mlangoni akiota jua na kumuuliza Primus masomo. Hakuanguka tena namna ile. Lakini nguvu alizokuwa nazo kabla ya kabati kufungwa hazikurudi, na mvua za masika zilimkuta ameshazikwa kihambani, shambani hapo nyumbani, chini ya migomba yake.

Siku ya msiba akina mama walikaa jikoni wakimenya ndizi. Mmoja wao, Mama Loveness, mumewe alikuwa amegunduliwa na saratani ya tumbo. Alisema kwa sauti ndogo, "Mimi wangu nimemkatia uji. Nimetumiwa ujumbe kwenye simu, eti sukari inaulisha ugonjwa."

Shangazi Mektrida alishusha kisu, akajifunika uso kwa khanga.

"Mama, usimnyime," alisema Elisifa. "Kamuulize daktari kwanza. Sisi tulimnyima baba, naye alikuwa na njaa."

"Tangu lini watoto wanaingilia maongezi ya wakubwa?" mwanamke mmoja alimkemea.

Mama Elisifa aliweka sufuria chini.

"Mwacheni. Sisi wakubwa ndio tuliokosea, kisha tukataka kumficha daktari jambo hilo. Yeye peke yake alisema kweli. Tulimpenda mume wangu, wala hakuna atakayesema hatukumpenda. Lakini tuliamini kabla ya kuuliza, na mgonjwa ndiye aliyelipa. Msikieni mtoto."

Mama Loveness alifunga kitenge chake vizuri, akawaaga, na kabla chakula cha msiba hakijapakuliwa akashuka njia ya migombani, mbio mbio, kwenda kuwasha moto wa uji nyumbani kwake.