Nyota Iliyofutwa kwa Mkate

Asubuhi hiyo kuku wa Fosca hawakukimbilia mahindi. Walikuwa wakizunguka uani, mmoja nyuma ya mwenzake, na hakuna aliyekanyaga katikati. Fosca akasema ni baridi ya milima ya Carnia tu, akaokota yai na kumkaangia binti yake Bice. Yai lilinuka maji ya kisima kilichozibwa. Mtoto alilila lote.

Fosca alikuwa fundi wa vitabu vya kale, na mumewe Ottavio msomi wa kuvifasiri. Ottavio hakupata kukosea tangu azaliwe, muulize mwenyewe. Watawa walikuwa wamewaletea kitabu cha ngozi ambacho maandishi yake hayakuweza kusomwa na mtu, kimejaa michoro ya mbingu na buruji. Katika duara la buruji ya Samaki walichorwa wanawake uchi, kila mmoja ndani ya pipa, mkono juu, ameshika uzi wenye nyota.

"Wagonjwa wanaoga," Ottavio aliamua. "Kila buruji na msimu wake wa kuoga. Utabibu wa zamani, basi."

Ukurasa ule ulikuwa na masizi. Jioni iliyotangulia Fosca alikuwa ameusafisha kama baba yake alivyomfundisha, kwa kuusugua na sehemu laini ya ndani ya mkate, na nyota ya mwanamke wa chini kabisa ikatoka pamoja na masizi. Alishtuka, asimwambie mumewe. Lakini mkate hautupwi, hata ukichafuka. Kwao ukianguka chini unaokotwa na kubusiwa. Chembe zile akawamwagia kuku.

Mchana Bice hakuja mezani kula polenta, ule ugali wao wa mahindi. Walimkuta uchi ndani ya beseni la kufulia, mkono juu, ngumi imefumbwa. Beseni lilikuwa kavu, ila katika chumba kizima yalisikika maji yakidondoka.

"Bice, toka humo, polenta inapoa," Fosca alisema polepole.

"Bice yuko chini," ilijibu sauti ya mwanamke mzima. "Mmenitazama miaka yote hiyo, hakuna aliyeuliza nani alinifunga."

Fosca alijaribu kuushusha ule mkono, haukushuka. Hapo ndipo alipomwambia mumewe habari ya nyota na ya yai.

"Haya, mwite yule bibi yako wa mafuta," Ottavio alisema, midomo imemkauka. "Tucheke kidogo."

Delfina, mwanamke aliyewaondolea wanakijiji husuda kwa matone ya mafuta katika sahani ya maji, aliutazama ukurasa kabla ya kumtazama mtoto.

"Nani kasema hawa wanaoga?"

"Mimi," alisema Ottavio.

"Haogi mtu hapa, mwanangu. Hawakuzishika nyota. Nyota ndizo zimewashika wao, kila jini na kamba yake. Mkeo kamfungua mmoja." Akamgeukia Fosca. "Tayarisha wino. Nikishamtoa jini huyo ndani ya mtoto, akirudi ukurasani, ndipo umchoree nyota yake. Si kabla. Mmenisikia?"

"Tumesikia, bibi," Fosca alinong'ona.

Delfina alidondosha mafuta, nayo yakatawanyika majini badala ya kutulia, akadondosha tena huku akisoma maneno yake kwa kunong'ona, na ile harufu ya kisima ikapanda hadi darini, maji yasiyoonekana yakamiminika kuta zote, kuku wakaja kujigonga mlangoni mmoja baada ya mwingine, na kutoka kinywani mwa mtoto sauti ya mwanamke ikapasuka ikawa sauti ya Bice mwenyewe akilia, baba, ananivuta, baba, fanya haraka. Ottavio alimpenda mwanawe, hilo tusimnyime. Alinyakua brashi na kuchora ile nyota ukurasani.

Kimya. Maji yalikoma. Mkono wa Bice ulishuka, akasema ana njaa, na Fosca akamkumbatia akilia kwa furaha.

"Brashi tu, bibi," Ottavio alisema. "Usomi na brashi."

Delfina alikuwa akiitazama sahani, ambamo mafuta bado yalikuwa yametawanyika. "Jini alikuwa hajatoka," alisema, lakini Ottavio alikwisha kumfunika mtoto blanketi ampeleke kwa daktari mjini Udine, na Fosca alikuwa akitafuta viatu vyake.

Walivuka ua. Ottavio alipoinua mguu kuvuka lango, kitu kilimkwamisha. Alidhani blanketi limenasa, akavuta. Mkono wa Bice ulikuwa umenyooka nyuma, kuelekea nyumbani, umekaza hadi bega linalia, na hapakuwa na kitu chochote kilichoushika.

"Usivute, baba," Bice alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Kamba imeishia hapa."