Video Iliyorudi kutoka Makaburini

Mama yetu, Ngoie, alizikwa asubuhi ya manyunyu, na kilio chake, matanga yake, kilipita kwa utulivu. Watu walikula, waliimba, walibishana kuhusu viti. Alikuwa mzee, alikuwa ameugua muda mrefu, na hakuna aliyesema kwamba ameliwa na mtu kwa uchawi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu baadaye yalisemwa mengi. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayekumbuka nani alishuka na reli kutoka Kabongo, nani alizaliwa katika kambi gani, na nani ana jina la nani. Nitaandika nilichokiona. Nilichosikia tu nitasema nimesikia.

Jina la mama, Ngoie, analo pia Plamedie, binti wa mdogo wangu Donat. Kwetu, mtoto akipewa jina hupewa na heshima yake. Donat humwita bintiye "mama", nami vilevile. Naye, tangu utoto, aliitika "Papa?" kwa sauti ya uchovu, kama watoto wote wanaoitwa wakiwa katikati ya mchezo.

Na kwetu, mwenye jina haangalii uso wa mwenzake aliyekufa. Baba alikuwa akisema jina ni mlango mmoja. Wawili wakikutana hapo, aliye nje hawezi kujua ni nani ameingia na nani ametoka. Kwa hiyo, mama alipowekwa sebuleni, tulimpeleka Plamedie kwa jirani, Mama Mwajuma, mke wa fundi cherehani. Yeye ni Mwislamu wa Maniema, lakini desturi yetu anaijua. Alimfungia mtoto chumbani kwake na sahani ya vitumbua.

Hakuna aliyefikiria simu.

Wiki kadhaa baadaye, mke wa Donat, Jeanne, alinipigia. Mimi nakaa Makomeno, wao wako komini ya Kenya, mtaa wa jiji letu hili hili, si nchi. Nilifika Jumamosi, mchana, nikiwa na unga wa mahindi. Plamedie alikuwa chumbani amekaa kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, simu mapajani. Alikuwa amepaka kucha rangi ya bluu. Kando yake bukari, ugali wetu, ilikuwa imepoa hadi ikaota ngozi, matembele hayajaguswa.

"Mama, jambo," nilisema.

Hakuitika. Jeanne akacheka mlangoni.

"Angaria mukubwa wa posta yetu! Batu banamusalimia, yeye iko na kazi ya serikali."

Kisha akanivuta uani, karibu na mbabula, jiko la makaa, na kicheko kikaisha.

"Yaya," aliniita, maana kwao mimi ni dada mkubwa, "cabine ya courant iliungua. Avenue yote haina moto. Telefone yangu ilikufa, ya Donat ilikufa. Ya mutoto haizimake."

"Labda anaichaji kwa Guelor."

Guelor ana sola pale kona na hapo ndipo avenue, barabara yao nzima, hupeleka simu umeme ukikatika. Nilikwenda kumuuliza. Alifikiri, akatikisa kichwa, akiniita shangazi kwa Kifaransa. "Plamedie? Simuonake hapa, tantine. Tangu kilio."

Donat alikuwa na jibu lake. Alisema kuna mwanamume. "Kuko bwana anamuchajia. Basi alete na unga ya bukari, tujue kama iko serieux!" Alisema kwa kelele ili binti asikie. Plamedie hakugeuka. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea kama ya mtu mzima sana.

Nilikaa chini karibu naye. Nikamuuliza polepole anaangalia nini.

"Video ya kambo," alisema, yaani ya bibi yake.

"Video gani?"

"Ile Précieux alinitumia. Ya kufunga sanduku." Alilamba midomo. "Haiyaisha, tantine."

Précieux ni mwanangu.

Aliinamisha simu kidogo nione. Hapakuwa na sanduku la maiti. Ilikuwa barabara nyekundu yenye madimbwi, na aliyeshika kamera alikuwa akitembea. Kamera ilikuwa chini, kwenye kimo cha kifua cha mtu mfupi. Hakuna maneno. Pumzi tu, na miguu inayoburuta. Ninaijua barabara ile. Ni ile ya kutoka makaburini.

"Jana ilikuwa wapi?"

"Ku mulango ya malalo," akasema, ndiyo makaburi yenyewe.

"Na leo?"

"Inakaribia soko." Alisema kama mtu anayesoma hadithi tamu. "Nataka tu nione fasi inafika."

Jioni ile nilimwambia Précieux anionyeshe video yake. Ilikuwa fupi: uso wa mama, pamba puani, kifuniko kinashuka, basi.

"Alikuwa analia kule peke yake," aliniambia, macho chini. "Nilisema amuone tu mara ya mwisho. Nilikatisha wakati balifunga. Haina miye nilipiga ile ingine, mama. Naapa."

Niliporudi Kenya kueleza, Jeanne alinisikiliza bila kukaa.

"Kwa hiyo ilitoka ku nyumba yako."

"Ilitoka kwa Précieux."

"Ni moja. Njo kusema ku nyumba yako," alinong'ona. Tangu hapo hakunipa tena maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe. Sikumlaumu. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuwatazama watu wote mikono.

Nilisikia kwamba Donat alijaribu kuichukua simu. Aliinyakua adhuhuri, mtoto akaanguka kigodani midomo ikiwa myeupe, hapumui. Simu mkononi mwa baba ikaanza kufifia. Akamrudishia. Mtoto akavuta pumzi, na kioo kikang'aa. Hapo Donat aliacha kuzungumza juu ya mwanamume.

Wanakwaya wenzake Jeanne walisema mtoto ni mlozi, mchawi, apelekwe kwenye chumba cha maombi, afungiwe bila chakula hadi akiri. Nilisema hapana. Nilisema mbele ya wote kwamba nimewahi kuona watoto waliotoka kwenye vyumba vile, na huyu hatoki hapa. Donat alikubaliana nami. Jeanne alilia, kisha naye akakubali. Tulipanga kumbadilisha jina mbele ya ukoo, Jumapili, baada ya misa. Asipokuwa Ngoie, mama hatakuwa na njia ya kumfikia. Ndivyo tulivyofikiri.

Jumapili nilifika mapema kuliko wengine. Jua lilikuwa kali. Donat na Jeanne walikuwa wamesimama nyuma ya kigoda, wakiitazama simu.

"Tantine," Plamedie alisema, "iko mu avenue yetu."

Niliangalia. Sola za Guelor. Guelor mwenyewe, anafunga waya. Ukuta wa Mama Mwajuma. Video haikuwa ya jana wala juzi. Guelor alikuwa amevaa shati la njano, na mimi nilikuwa nimetoka kumsalimia akiwa amevaa shati lile.

Nilitoka mbio hadi mlango wa lupango, geti la ua. Nilisimama pale na kikwembe changu cheusi kiunoni, nikatazama juu na chini. Avenue ilikuwa tupu. Kuku. Vumbi. Guelor alinipungia mkono kutoka mbali.

Niliporudi, Jeanne alikuwa ameziba mdomo.

"Yaya. Nilikuona ndani."

"Ndani ya nini?"

"Mu telefone. Ulisimama ku mulango." Alininyooshea kidole. "Imekupita. Ku mukono ya kushoto."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa baridi.

Kwenye kioo, ua. Mbabula. Pazia la chumba. Pazia la kwenye simu lilisogea. La nyuma yetu halikusogea. Kisha tukaona kigoda. Tukaona mgongo wa Plamedie, na nywele zake. Sisi watatu hatukuwepo. Alikuwa peke yake.

Kamera ilikaribia.

"Mama!" Donat aliita kwa nguvu. "Mama!"

Kwenye simu, Plamedie aligeuka.

Kwenye kigoda, hakugeuka.

Uso wa kwenye simu ulitutazama. Mdomo ukafunguka. Kisha kioo kikawa cheusi, kwa mara ya kwanza tangu kilio.

Plamedie aliiweka simu sakafuni taratibu, akajinyoosha mgongo.

"Donat," alisema, "mwana wangu, njala inaniuma."

Walilia kwa furaha. Jeanne alikimbia kuwasha mbabula. Wazee walipofika walimkuta mtoto anakula bukari kwa matonge makubwa makubwa, na wakaona hakuna haja tena ya kubadilisha jina. Simu ile Donat aliifukia kesho yake, kaburini kwa mama, upande wa miguu. Wote waliona ni vizuri. Mimi pia nilisema ni vizuri.

Tangu hapo Plamedie anasifiwa mtaa mzima. Anaamka kabla ya mamaye, anafagia lupango, hana habari na simu. Walimu wanamtolea mfano. Wanakwaya wanasema maombi yao yamejibiwa, na Jeanne ananipa tena maji kwa mkono wake.

Lakini ni Jeanne aliyeniita chumbani, akafunga pazia, akanionyesha sementi. Sakafu yao ni ya kupakwa rangi nyekundu. Akipiga deki, yote inakauka isipokuwa nyayo. Za miguu mitupu, kutoka kizingitini hadi nyuma ya kigoda. Mguu wa kushoto hauna kidole kidogo.

"Ni ya nani?" alininong'oneza.

Mimi ndiye niliyemwosha mama. Nilimwambia sijui.

Nilitafuta nyayo za kutoka. Hakuna.

Mwezi uliopita Donat alimnunulia binti simu mpya, kwa sababu ya masomo. Tulikuwa wote uani. Plamedie aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kushukuru. Rangi ya bluu ilikuwa imebaki kwenye ncha za kucha tu. Aliigeuza simu, akaigeuza tena, kioo nje, juu chini.

"Inafungukaka fasi gani?" aliuliza, akitafuta pa kuifungulia.

Donat alicheka hadi akashika kiti. "Mama! Weye njo unaniuliza miye?"

Wote tulicheka. Plamedie naye alicheka, akaibandika simu sikioni, kama wazee wanavyofanya, akifumba jicho moja. Kisha akaacha kucheka. Alisikiliza. Akamrudishia Donat ile simu haraka, akapangusa mkono kwenye kikwembe.

"Uirudishe, mwana," alisema. "Kuko mutoto analia humu."

Simu ilikuwa bado haijawashwa.